Mama Wembe na Kichwa cha Kochi

Inatangazwa kwa huzuni na taadhima, kwa ndugu, jamaa, majirani na wateja wote, kwamba mfuko wa uzazi wa fundi wa makochi umestaafu. Uliitumikia nyumba kwa uaminifu, ukalea mimba tatu bila kudai likizo, na ukaanza ukorofi uzeeni tu, kama watumishi wengi. Hakukuwa na sherehe ya kuuaga. Uliondoka asubuhi, umelala ndani ya beseni la chuma, ukisindikizwa na muuguzi mmoja aliyekuwa akipiga miayo. Umeacha watoto watatu, mume mmoja na nafasi wazi.

Hiyo nafasi wazi ndiyo iliyoleta maneno.

Mfiwa mwenyewe alikuwa akiitwa Mama Wembe. Hakupewa jina hilo kwa ukali wa ulimi, ingawa ulimi nao haukuwa butu. Alipewa kwa ajili ya kiwembe kilichokaa daima kwenye mfuko wa aproni yake. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi: kung'oa kitambaa kikuukuu, kubadili sponji na mikanda inayolishikilia kwa chini, kushona upya. Katika kazi hiyo alijifunza jambo moja kuhusu dunia, kwamba kila kilichovikwa vizuri kimeficha kitu. Aliwahi kufungua makochi ya waheshimiwa akakuta yamejazwa magunia, nepi, na siku moja kiatu cha mguu wa kushoto. Tangu hapo hakuamini kitu mpaka akichane. Akinunua mto, anauchana. Akipewa zawadi ya godoro, analichana ubavuni, anachungulia, ndipo anashukuru. Hata siku mumewe alipokuja kumposa, amevaa koti la mabega mapana, inasemekana Mama Wembe alilipapasa bega kwanza, akakuta pamba, akasema atafikiria.

Mume naye hakuwa malaika wa imani. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye kiwanda cha sabuni, mtu anayelipwa kwa kupekua mikoba ya wenzake. Ikawa nyumba ya watu wawili ambao hakuna aliyeamini kwamba bomba la jikoni limefungwa mpaka alikaze kwa mkono wake mwenyewe. Bomba lenyewe lilikwisha kukatika, likanunuliwa jingine, nalo likaanza kulia.

Basi Mama Wembe alipoanza kutokwa na damu isiyojua mwanzo wala mwisho wa mwezi, na daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alipomwambia kwamba mfuko umejaa vivimbe na dawa zimeshindwa, alimtazama kama anavyomtazama muuza sponji.

"Nitajuaje kama vimo?"

Daktari akamwonyesha picha.

"Hii picha ni yangu, au ndiyo mnayomwonyesha kila anayeingia?"

Alikubali kwa sharti moja, aonyeshwe mwenyewe kwa macho yake. Na alipozinduka akiwa na kinywa kikavu kama kitambaa cha turubai, kabla ya kuuliza watoto, kabla ya kuuliza mume, aliuliza beseni. Likaletwa. Vivimbe vilikuwa vimejazana humo kama vitunguu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Chana kidogo," akanong'ona.

"Watauchana maabara, mama."

"Maabara," akasema Mama Wembe, akafumba macho. Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeambiwa fundi yuko njiani.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alivuta kiti akaketi. Mtu mwenye haraka akivuta kiti, jua kuna jambo.

"Mama, sikiliza. Ule mfuko ulikuwa katikati, na majirani walikuwa wameuegemea: kibofu kwa mbele, njia ya haja kubwa kwa nyuma. Sasa haupo. Sehemu ya juu ya uke tumeishonea kwenye kano zilizo imara ili isishuke. Lakini mshono si nguzo ya zege. Ukibeba vizito kabla hujapona, ukijikamua chooni, ukikohoa miezi na miezi bila kutibiwa, vitu huanza kuteremka."

"Vinateremka mpaka wapi?"

"Vikizidi, mpaka nje."

Mama Wembe akalipima neno hilo.

"Na nikifuata unayosema, unanipa dhamana havitashuka?"

"Sina dhamana. Nakupunguzia hatari tu."

Hapo ndipo Mama Wembe alipoanza kumwamini, kidogo, kwa ncha ya kidole. Katika biashara ya makochi, anayetoa dhamana ya maisha ndiye aliyejaza magunia.

Lakini haikuwa dhamana iliyomtia baridi mwilini. Lilikuwa lile neno, nje. Miaka ya nyuma alikuwa amemvishia shangazi yake kiti. Alipokigeuza, alikuta upande mmoja umelika mpaka kwenye mkanda, na upande wa pili mpya kabisa, kana kwamba mwenye kiti ana tako moja. Akamwuliza. Shangazi akacheka, akasema ni mazoea. Akamwuliza tena, safari hii akiwa ameushika mlango. Ndipo shangazi, mwanamke aliyekuwa akivuma kwenye kila harusi, alipomwambia kwa sauti ya chini kwamba tangu atolewe mfuko wa uzazi na kurudi kubeba masufuria yake ya biashara, kuna kitu kama yai kinamchungulia kwa chini, anakirudisha kwa kitambaa, na hajatoka nyumbani muda mrefu kwa sababu hajui kitamchungulia mbele ya nani. Alimwambia mpwa wake tu. Mpwa akamburuta kliniki, akawekewa pete ya mpira ya kushikilia, akarudi kukaa matako yote mawili. Ila ile miaka ya kukaa upande haikurudishwa na kliniki yoyote.

Kwa hiyo Mama Wembe alipofika nyumbani alikuwa na nia moja tu duniani: asije akakaa upande.

Daktari alikuwa amemfundisha zoezi. "Misuli ya chini, ile inayofunga milango. Bana kama unazuia upepo usikutoke mbele ya wakwe. Halafu kama unavuta kitu juu, kwa ndani. Shika. Achia. Rudia. Usizuie pumzi, na usikunje uso."

Mengine yote aliyaweza. Uso ndio uliomshinda. Kila alipobana, alitoa macho akaukazia ukuta, midomo ikaingia ndani, akafanana na mtu anayesikia harufu ya kuungua lakini hataki kumwambia mpishi.

Wa kwanza kumwona alikuwa wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kumuuguza. Alikuja na kikapu kimoja cha nguo na macho mawili, na macho ndiyo yaliyofanya kazi.

"Kaka," alimnong'oneza mlinzi jikoni, "mkeo anasoma kitu moyoni."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Anakaa, anakodoa, anatulia. Halafu anapumua kama aliyetua mzigo. Nimemwuliza, wifi, unaomba? Akasema, ninabana. Nikamwuliza, unabana nini? Akasema, usinichekeshe, mshono."

Mlinzi akaingia kazini palepale. Akaanza kuchunguza. Akagundua kwamba mkewe, akitaka kukohoa au kupiga chafya, kwanza husimama, hutulia, ndipo hukohoa, kama mtu anayeomba ruhusa. Akagundua anakula maboga, maharage na mapapai kama mtu aliyelipwa na wakulima, na maji anakunywa gilasi juu ya gilasi. Akagundua hata ndoo ya maji hainyanyui, na siku alipomwomba amsogezee mtungi wa gesi alijibiwa, "Usogeze wewe, wewe bado unavyo vyote." Hata sokoni siku hizi alikwenda wifi. Mlinzi aliyaweka yote hayo moyoni bila kusema. Kisha akakuta kistuli chooni.

Kilikuwa kistuli kifupi cha mbao, kazi safi ya karakana ya mkewe, kimewekwa mbele ya choo cha kukalia. Juu yake, ukutani, palikuwa na kidirisha. Kidirisha kilitazama ua wa jirani, na jirani alikuwa fundi wa magari, kapera, mwenye mikono ya misuli. Mlinzi alifunga mlango, akapanda juu ya kistuli, akachungulia. Akamwona jirani anaanika chupi. Jirani naye akamwona. Wakatazamana kwa muda ambao si wa ujirani.

Jioni hiyo aliubeba ushahidi mpaka sebuleni.

"Kistuli hiki cha nini chooni?"

"Cha miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya mwenye kukaa chooni, baba! Unaikanyagisha hapo, magoti yanapanda, haja inatoka yenyewe, hujikamui. Daktari kasema."

"Daktari kasema ukae chooni na kistuli."

"Ndiyo."

"Na mapapai."

"Ndiyo."

"Na kubana."

"Na kubana."

Mlinzi akamtazama dada yake. Dada akaitazama dari. Miaka yote ya getini mlinzi alikuwa amesikia hadithi nyingi za watu waliokutwa na sabuni kifuani, lakini hakuna iliyokuwa imepangwa vizuri kama hii. Akakichukua kistuli, akakifungia kabatini mpaka uchunguzi ukamilike. Kesho yake Mama Wembe alikanyagisha miguu juu ya debe la rangi lililogeuzwa, wala hakutaka ugomvi, maana kupiga kelele nako ni kujikamua.

Mambo ya nyumbani yangeishia nyumbani, kama si karakana.

Karakana ya Mama Wembe ilikuwa na desturi yake, aliyoianzisha mwenyewe tangu siku ya kwanza. Kochi likikamilika, halitoki mlangoni mpaka yeye abebe kichwa. Seremala wake, mwanamume mwembamba waliyemwita Msumari, hushika miguu. Mama Wembe hushika upande mzito, hulipitisha mlangoni kwa mikono yake, hulitua mbele ya mteja na kusema, "Nimelipima." Wateja walipenda hilo kuliko kitambaa. Mtaani wakawa na msemo kwamba kochi asilolibeba Mama Wembe lina siri tumboni.

Jionee mwenyewe jinsi mtu anavyojitegea mtego. Alirudi kazini baada ya majuma mengi ya kupumzika. Daktari alimruhusu kushona, kukata na kugombana. Lakini makochi, alimwambia, usibebe tena. Si sasa, si mwakani, waachie wengine. Basi kochi la kwanza likatoka limebebwa na Msumari pamoja na mpaka rangi, kijana wa kupaka mbao vanishi, na Mama Wembe akasimama kando, mikono kwenye aproni. Mteja akalipokea. Alipofika nyumbani kwake alilipindua kochi, akalinusa.

La pili, mteja alilikalia pale pale barabarani, akajirusha juu yake kama aliyepagawa. La tatu halikuchukuliwa. Mwenye nalo alisema atapita kesho, na kesho yake kila mtu anaijua.

"Bosi," Msumari alimwambia, "watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Wanasema umeanza kujaza matambara. Eti ndiyo maana huthubutu kuyagusa, unaona haya."

"Na wewe unasemaje?"

Msumari akajikuna shingo. "Mimi nasema bosi wangu ana sababu zake. Sababu zenyewe sizijui. Hata mimi jana nilipapasa kidogo."

"Ulipapasa kochi tulilojaza pamoja, wewe na mimi?"

"Kidogo tu, bosi. Ulikuwa umelitazama vibaya."

Alikuwa amelitazama vibaya kwa sababu alikuwa anabana. Lakini utaanzia wapi kumwambia mwanamume mwenye misumari mdomoni habari kama hiyo? Mama Wembe, aliyeishi maisha yake yote akichana matumbo ya vitu vya watu, aligundua kwamba kuwa yeye ndiye kitu kinachoshukiwa si raha hata kidogo.

Kisha akaja mwenye ukumbi wa harusi.

Huyu ndiye aliyekuwa mteja wa kuwaziba midomo wateja wengine. Mtu wa tumbo la heshima, suruali iliyofungwa juu ya kitovu, aliagiza kochi la maharusi: refu, la mgongo mrefu, miguu ya kuchonga, kitambaa cha dhahabu. Akilichukua, mji mzima utalikalia kwa macho kila wiki. Akilikataa, karakana ifunge, Mama Wembe akauze vifungo. Siku ya kulichukua alikuja na gari la mizigo, na nyuma yake wakaja wale wasiokuwa na kochi wala ukumbi, watazamaji tu, pamoja na wifi aliyekuwa ametoka sokoni.

Kochi liking'aa mlangoni, Msumari akashika miguu. Mpaka rangi akasogea kichwani.

"Ngoja," akasema mwenye ukumbi. "Kichwa anabeba mama."

"Mama hapati nafasi leo," akasema Msumari.

"Kwani anafanya nini? Si huyo amesimama?"

"Ana... mgongo."

"Kila mtu ana mgongo, kijana. Mimi kochi langu la nyumbani alilibeba yeye, kwa mikono hii hii. Mama, kama humo ndani kuko salama, beba kichwa. Kama hakuko salama, sema, nirudi na gari langu tupu."

Mama Wembe alipiga hatua mbele. Mkono wake ukaenda wenyewe, kama ng'ombe anayejua zizi lake, ukashika mbao chini ya kitambaa cha dhahabu. Ilikuwa kazi ya pumzi moja tu. Kunyanyua, kupita mlango, kutua, "Nimelipima," na uvumi wote umekufa. Magoti yalikuwa yamekwisha kukunjika. Akakiona kile kiti cha shangazi, kimelika upande mmoja mpaka kwenye mkanda.

Akauondoa mkono.

"Sibebi," akasema.

"Aha!" wakasema watazamaji, na wifi miongoni mwao.

"Nimetolewa mfuko wa uzazi. Nikibeba hili dude, vilivyobaki vitashuka kuufuata. Umeridhika, au unataka na picha?"

Mpaka rangi akaitazama dari. Msumari akameza kitu, ikatumainiwa si msumari. Mwenye ukumbi akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kwa sababu shaka ni ugonjwa usiojua aibu.

"Pole, mama. Lakini sasa mimi nitajuaje kama humo ndani..."

"Utajua. Tangu leo, karakana hii kichwa anabeba mwenye shaka. Njoo."

"Mimi?"

"Kwani mpaka rangi ana shaka? Wewe ndiye mwenye nayo. Njoo, shika hapa. Na kabla hujanyanyua, bana."

"Nibane nini?"

"Chini. Kama unazuia upepo mbele ya wakwe. Bana kwanza, halafu nyanyua huku unatoa pumzi."

Watu wakacheka. Mwenye ukumbi hakuwa mtu wa kufundishwa kubana hadharani. Akatema mate viganjani, akavuta pumzi, akaizuia, akanyanyua kwa nguvu zake zote. Kochi likapanda, zito, la haki, bila tambara hata moja. Na mwenye ukumbi akakohoa, ila si kwa mdomo.

Ilisikika mpaka kwenye gari la mizigo.

"Nilikwambia ubane," akasema Mama Wembe.

Kochi liliondoka. Lililokuwa limesubiri kesho nalo likachukuliwa kabla jua halijazama, na mwenyewe alibeba kichwa, midomo imeingia ndani, macho ameukazia ukuta. Kabla ya wiki kwisha, karakana ilikuwa imejaa wanaume wazima wanaobana kabla ya kunyanyua, na wanawake wanaokuja kuulizia bei ya sponji, kisha wanasogea karibu na kuuliza jambo jingine kwa sauti ya chini. Mama Wembe aliwajibu wote jambo hilo moja: usikae nalo, nenda kliniki, mimi ni fundi wa makochi.

Wifi alikuwa amefika nyumbani mbio kuliko habari zenyewe. Alimsimulia kaka yake yote, pamoja na kikohozi. Mlinzi akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akafungua kabati. Asubuhi Mama Wembe alikikuta kistuli chooni, mahali pake. Kidirisha kilikuwa kimepigiliwa ubao. Msamaha ulikuwa kamili, lakini mlinzi ni mlinzi.

Siku ya kupimwa tena, walikwenda wote wawili. Mume aliachwa nyuma ya pazia, viatu vyake vikionekana kwa chini, vikitembea huku na huku. Mama Wembe alipanda kitandani, akapanua magoti, akaukodolea macho ukuta. Daktari akavaa glavu, akaingiza vidole, akaanza kazi.

"Kohoa, mama."

Akakohoa.

"Jikamue kidogo, nione kama kuna kinachoshuka."

Akajikamua, kwa shingo upande, kama mtu aliyeamriwa kufanya dhambi.

"Sasa bana."

Akabana. Daktari akashtuka.

"Anapekua nini muda wote huo?" ikauliza sauti nyuma ya pazia.

Daktari hakumsikia. Alikuwa ameinua uso, miwani inang'aa, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Kila kitu kilikuwa pale pale alipokiacha, alisema. Hakuna kilichoshuka hata kidogo, na misuli ina nguvu. Tena habari za karakana zimemfikia hata yeye, wanawake wanakuja kliniki mapema, hawajifichi tena majumbani. Hospitali ingependa Mama Wembe aje azungumze na kina mama wengine, asimame mbele yao kama mfano, kama taa, kama ushahidi kwamba mwanamke anaweza kuulinda mwili wake akiamua. Kwa hiyo, daktari akauliza kwa sauti iliyotetemeka kidogo, kama ni kusema neno moja tu, kutoka moyoni, kwa ajili ya wanawake wote, Mama Wembe angesema nini?

"Kwanza toa mkono," akasema Mama Wembe.